Kifafa cha Mahenge: Nani Aliona Kwanza?

Wewe uliye jikoni na redio yako juu ya kabati, wewe uliye kwenye basi ambako dereva ndiye mwenye uamuzi wa stesheni, na wewe unayefunga duka huku sikio moja liko kwangu, karibuni nyote.

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya madaktari, waganga wa tiba asili, na watafiti wanaopita katikati yao na daftari mkononi. Najua mada hii ikitajwa tu, kijiwe kinagawanyika. Huyu atasema waganga wote matapeli. Yule atasema hospitali inadharau mila zetu. Ubishi huo nimeusikia mpaka nimechoka, na sina hamu ya kuuchochea. Badala yake nitakupeleka mahali pamoja, kwenye ugonjwa mmoja, tuone kazi ya utafiti ilivyokwenda kwa zaidi ya miaka sitini. Mahali penyewe ni Mahenge, wilayani Ulanga, mkoa wa Morogoro. Ugonjwa wenyewe ni kifafa.

Anayeijua njia ya Mahenge anajua: unatoka Ifakara, unavuka Mto Kilombero, halafu unaanza kupanda. Huko juu kuna milima ya kijani, mashamba ya mpunga na mahindi, na mito inayoteremka kwa kasi ikigonga mawe. Hiyo mito, msikilizaji, naomba uishike. Tutaihitaji baadaye.

Mwaka 1959 alifika Tanganyika daktari kijana kutoka Norwe, mwanamke, jina lake Louise Aall. Baadaye aliolewa akajulikana kama Louise Jilek-Aall. Wakati huo Ifakara palikuwa na maabara ndogo ya Waswisi, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy, ambayo ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya ya Ifakara tunayoijua leo. Daktari huyu alipopanda Mahenge, kwenye eneo la Wapogoro, alikuta jambo ambalo vitabu vyake havikumwandalia: watu wenye kifafa walikuwa wengi mno. Na wengi wao walikuwa na makovu ya moto. Mikono, uso, miguu.

Kwa nini moto? Fikiri kidogo. Jiko la mafiga liko chini, katikati ya nyumba. Mtu anashikwa na kifafa, anaanguka, anaangukia motoni. Sasa mbona ndugu zake hawakumvuta haraka? Kwa sababu waliogopa. Waliamini kwamba mate ya mgonjwa, mkojo wake, hata hewa inayomtoka wakati wa degedege, vinaambukiza. Ukimgusa wakati ule, na wewe umekipata. Kwa hiyo mama anamtazama mwanawe akiungua, na hofu inamshika mikono. Usiharakishe kumhukumu mama huyo. Ana watoto wengine wanne nyuma yake.

Jilek-Aall akaanzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akisaidiwa na watu wa misheni. Dawa aliyotumia ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho kilikuwa kimeshatumika Ulaya tangu 1912. Wagonjwa wengi walipata nafuu. Wengine walikaa miezi bila kuanguka. Hili nalisema mapema ili lisije likapotea kwenye maneno yangu mengine: kidonge kilisaidia, na kinasaidia mpaka leo.

Lakini daktari huyu hakuishia kwenye kidonge. Aliketi na watu, akauliza ugonjwa wanauitaje, wanadhani umetoka wapi, mganga anafanya nini na anatoa nini. Mwaka 1965 alichapisha utafiti wake juu ya kifafa kwa Wapogoro. Humo alieleza pia kitu cha ajabu: watoto ambao, kabla ya kuanguka kwenyewe, huanza kwa kutikisa kichwa, kinainama mbele mara kwa mara kama mtu anayesinzia. Baadaye alihamia Kanada, akawa daktari wa magonjwa ya akili na msomi wa tamaduni, lakini Mahenge hakuiacha. Alirudi tena na tena.

Sasa sikia hili. Miaka mingi baadaye, watoto wa kutikisa kichwa walionekana Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda, huko Kitgum na Pader. Dunia ikashtuka. Ikasemekana kuna ugonjwa mpya wa ajabu. Mpya! Mahenge ulikuwa umeshaandikwa tangu 1965, na kabla ya kuandikwa, bibi za watoto wale walikuwa wameshauona.

Turudi kwenye hofu ile ya kuambukizwa, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Daktari yeyote atakwambia kifafa hakiambukizi. Na anasema kweli: mate ya mgonjwa hayana kosa lolote, mshike, mfute, mlaze vizuri, hutapata kitu. Basi wananchi walikuwa wajinga?

Subiri kwanza.

Mwaka 1992 watafiti wa Tanzania, wakiwemo Rwiza na Matuja, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Ulanga, nyumba kwa nyumba, katika vijiji kumi na kimoja. Takwimu sitakujazia, nakupa moja tu. Kijiji kimoja walikuta watu kama 5 wenye kifafa katika kila watu 1,000. Kijiji kingine, wilaya ileile, walikuta 37. Watano na thelathini na saba! Hewa ni moja, chakula ni kilekile, zahanati ni za aina moja. Kwa nini kijiji hiki kiwe na mzigo mara saba ya kile?

Hilo ndilo swali ambalo wanakijiji walikuwa wakiuliza siku zote, kwa maneno yao: mbona nyumba ile wameanguka watoto watatu? Mbona upande huu wa bonde, na si ule? Mtu anayeona nyumba moja ina wagonjwa watatu, na jirani naye ana wawili, atafikiri nini? Atafikiri kinaambukiza. Angefikiri nini kingine? Kwa maoni yangu, watu wa Mahenge walikuwa wameona sawasawa. Waliona kwamba kifafa kwao kinakaa kwa mafungu, kinashika ukoo, kinashika kijiji. Walichokosea ni maelezo. Walidhani ni mate.

Kumbe ilikuwa nini? Hapa ndipo tunairudia mito.

Kwenye maji yanayokwenda kasi, penye mawe, huzaliana inzi wadogo weusi. Wakimuuma mtu wanaweza kumwachia minyoo inayoitwa Onchocerca. Minyoo wakubwa hukaa chini ya ngozi kwenye vinundu, na huzaa vijiminyoo visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu, vinavyozunguka kwenye ngozi na kufika hata machoni. Mtu anawashwa, ngozi inachakaa kama ya mzee, na baada ya miaka anaweza kupofuka. Huo ndio usubi. Mahenge ni moja ya ngome zake kuu nchini.

Kwamba usubi na kifafa hukaa pamoja, si habari ya jana. Huko Meksiko daktari mmoja aliliandika jambo hilo mwaka 1938. Uganda magharibi wakaligusa miaka ya 1990. Lakini wanasayansi ni watu wabishi, na ni vizuri wawe hivyo. Wakasema: mambo mawili kukaa mtaa mmoja hakuthibitishi kwamba moja limemzaa mwenzake. Huenda ni umaskini tu. Huenda ni malaria ya utotoni, au matatizo wakati wa kujifungua, au tegu wa nguruwe, ambavyo vyote vinaweza kuleta kifafa. Jilek-Aall mwenyewe na wenzake walilifikiria suala la minyoo, na kwa miaka mingi jibu halikukamatika.

Jibu lilianza kukaza Kamerun. Kule kwenye bonde la mto Mbam, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikuwa wamepima watoto na kuhesabu vijiminyoo kwenye ngozi zao, kwa kazi nyingine kabisa. Madaftari yakahifadhiwa. Mwaka 2017 wenzao wakarudi vijijini, wakawatafuta watoto wale, sasa watu wazima, wakauliza: nani alipata kifafa baadaye? Kadiri mtoto alivyokuwa na vijiminyoo vingi zamani, ndivyo alivyokuwa kwenye hatari zaidi ya kuanguka baadaye. Matokeo yakachapishwa 2018. Minyoo ilitangulia, kifafa kikafuata. Nimependa sana habari ya yale madaftari. Kuna mtu aliyeandika hesabu zake kwa mwandiko unaosomeka, akaziweka mahali pakavu, na robo karne baadaye zikajibu swali ambalo yeye hakuliuliza.

Mwaka huohuo wa 2018, Bruno Mmbando wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Tanga, na wenzake, wa hapa nchini na wa Ubelgiji, walichapisha kazi yao ya Mahenge. Walikwenda vijiji vinne: Mdindo na Msogezi vilivyoko ndani, Vigoi na Mzelezi vilivyo karibu na mji. Vya ndani vilikuwa na kifafa zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Na hii ilikuwa baada ya dawa ya usubi kugawiwa kila mwaka kwa miaka kama ishirini! Vipimo vya damu vya watoto wadogo vilionyesha bado wanaumwa na inzi wenye minyoo.

Utauliza, dawa ilikuwa haifanyi kazi? Inafanya. Mnaijua: mgawa dawa wa kijiji anapita na fimbo ya kupimia urefu, anakupa vidonge kulingana na kimo chako. Shida ni kwamba dawa ile inaua vijiminyoo, mnyoo mkubwa haimuui, na mnyoo mkubwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi akiendelea kuzaa. Watoto wadogo hawapewi. Na wapo wanaokuwa shambani siku ya kugawa, wapo wanaoikataa. Basi huko Mahenge dawa ikaanza kutolewa mara mbili kwa mwaka, na watafiti walioendelea kufuatilia waliona wagonjwa wapya wa kifafa wakipungua.

Mnyoo unaletaje kifafa hasa? Hapo bado wanavutana. Wapo wanaodhani kinga ya mwili, katika kumwinda mnyoo, inakosea na kushambulia ubongo. Nawaachia maabara.

Sasa waganga wanaingia wapi? Nimekuwa nikifikiri juu ya hili muda mrefu, na naona tunapozungumza juu ya mganga tunachanganya mambo matatu kwenye kapu moja. Kuna alichokiona. Kuna anachotoa. Na kuna anavyoeleza. Narudia, kwa aliyeongeza sauti sasa hivi: alichokiona, anachotoa, anavyoeleza. Kila kimoja kina kipimo chake, na mtafiti mzuri havimezi vyote pamoja wala havitemi vyote pamoja.

Nikupe mfano. Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili walitoa matokeo ya mahojiano na waganga 100 wa Temeke, Dar es Salaam. Waliuliza: nani anajua kutibu kifafa? Thelathini walisema wanajua. Sabini, maana yake, walisema hawajui, nami nawapa heshima zao, maana mganga anayekiri kwamba hajui ni mtu wa kumtegemea kuliko yule mwenye bango linalotibu kila kitu kuanzia nguvu za kiume mpaka kesi mahakamani. Kati ya wale thelathini, saba tu ndio waliotaja uchawi kuwa chanzo. Saba! Sisi vijiweni tungeapa kwamba wote thelathini wangesema uchawi. Na walipoulizwa mgonjwa anakuwaje, walieleza aina za kifafa kwa usahihi. Hicho ni alichokiona.

Halafu wakataja mimea, ikakusanywa orodha ya mimea kama sitini. Baadhi yake ilikuwa imeshapimwa maabara na kuonekana kuwa na uwezo wa kutuliza degedege kwa wanyama wa majaribio. Hicho ni anachotoa. Hapo sasa, msikilizaji, tuwe makini. Kumtuliza panya si kumponya mtoto wa Msogezi. Kati ya panya na mtoto kuna kazi ndefu: kiasi gani, kwa muda gani, ini litasemaje, mimba itasemaje. Kwenye orodha ileile kuna mtipitipi, ule wa mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huzichezea. Mbegu hizo zikitafunwa ni sumu kali. Anayekwambia dawa ya miti haina madhara kwa kuwa ni ya asili, muulize kama angeitafuna mbegu ile.

Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili ilianza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa 2002. Kwa hiyo nchi hii haikukaa bure. Lakini niseme kinachoniudhi: mara nyingi tunamtafuta mganga kwa ajili ya majani yake tu. Tunachukua jani, tunachukua jina la jani, tunakwenda kulisaga. Macho yake tunayaacha palepale. Wala haturudi kumwambia tulichokikuta. Wangapi kati ya waliotoa mimea ile waliwahi kuletewa majibu kibarazani kwao?

Halafu kuna swali la kwa nini watu wanaanza kwa mganga. Pwani ya Kenya, huko Kilifi, watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na wanayoyasema hayatamshangaza mwananchi yeyote. Mganga yuko karibu. Usiku anafungua mlango. Malipo yanaweza kungoja mavuno. Na anakusikiliza mpaka mwisho. Hospitali ni nauli, foleni, kisha dakika chache mbele ya mtu ambaye hajanyanyua kichwa, halafu dirishani unaambiwa fenobabitoni imeisha, njoo wiki ijayo. Mgonjwa wa kifafa hana wiki ijayo. Dawa ile hunywewa kila siku, na ikikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo na hata kuua. Tukimlaumu mama kwa kwenda kwa mganga, tumuulize pia ni mara ngapi alikwenda zahanati akarudi mikono mitupu.

Upande wa pili nao nauambia ukweli. Mganga anayemwambia mgonjwa aache vidonge ili dawa yake ifanye kazi, anamweka hatarini. Hapo hakuna cha mila wala cha heshima. Tulishaona mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge kwa mponyaji aliyeitwa Babu wa Loliondo kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Nchi nzima ilikuwa na swali moja mdomoni: inaponya au haiponyi? Nani aliuliza kwa nini mtu mwenye kadi ya kliniki mfukoni alale njiani siku kadhaa kusubiri kikombe?

Kilifi, watafiti walipendekeza madaktari na waganga wafanye kazi pamoja. Mimi naunga mkono, kwa sharti. Mganga apewe kazi inayolingana na anachokijua: akimwona mtoto anaanguka mara ya pili, aliandike jina lake, amwelekeze kliniki, afuatilie kama vidonge vinanywewa. Yeye ndiye anayezijua nyumba. Mgawa dawa za usubi apite na kwake pia, maana mganga akisema kidonge kile kizuri, kijiji kitameza. Na kliniki iwe na dawa. Bila dawa dirishani, ushirikiano huo utakuwa wa semina na posho tu.

Kabla muda haujaniishia, kuna la nyumbani kwako. Mtu akianguka kifafa mbele yako, fanya nini? Mwondoe penye moto, maji au barabara. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kiberiti wala kiatu, usimbane kwa nguvu. Tazama saa. Ikipita dakika tano hajatulia, au akitulia kisha akaanza tena kabla hajazinduka, kimbiza hospitali. Na mguse, msikilizaji. Mguse bila hofu.

Na kama unaishi kwenye vijiji vya usubi, siku mgawa dawa atakapopita na fimbo yake, uwepo. Watoto wasipelekwe shamba siku hiyo. Wewe uliyezoea kusema huwashwi hivyo huna haja ya kumeza, anayekinga kwa kidonge chako anaweza kuwa mtoto wa jirani ambaye bado ni mdogo mno kupewa, kwa sababu inzi anayekuuma wewe ndiye atakayemuuma yeye.

Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumza juu ya wakunga wa jadi. Mlionisikiliza kutoka Mahenge, nileteeni habari: je, matokeo ya utafiti yamesomwa kwenye mkutano wa kijiji chenu, na kwa lugha gani? Nitasoma nitakayoyapata hapahapa. Usiku mwema.